Nani Kakataa?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuambiwa, "Kompyuta imekataa." Hapa Songea neno hilo nimelisikia kwenye maduka ya kuchapa, na nimelisikia pia ndani ya kundi letu la wanafunzi wanane wa kozi ya kompyuta. Hebu tujiulize: kompyuta inaweza kukataa kweli, au kuna mtu kajificha nyuma yake?

Kazi yetu ilikuwa kijitabu cha hadithi, kila mmoja na yake. Tulitumia Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa. Si mchezo, bwana! Maneno unayamimina ndani ya fremu. Yakizidi yanajificha, na chini kulia kinatokea kialama chekundu. Hayajafutika, ila msomaji hatayaona. Tulihangaika wiki mbili mpaka tukajua kuunganisha fremu ili maneno yanayozidi yahamie ukurasa unaofuata.

Kumbe kazi bado. Kurasa zikawa 17. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati inatoa kurasa 4 ndogo, kwa hiyo kijitabu kinataka 16 au 20. Pesa ya kuongeza karatasi hatukuwa nayo. Mwenzetu aliyekuwa hodari kuliko sote, ambaye mausi haikutoka mkononi mwake, akatamka: "Kompyuta imekataa. Hadithi ya fulani itoke." Huyo fulani alikuwa kwao Mbinga akivuna kahawa. Hadithi yake ilikuwa ya ukurasa mmoja tu.

Hapo ndipo penye swali. Hesabu ilisema ukurasa mmoja upungue, haikusema wa nani. Huyo alichaguliwa kwa sababu hakuwepo kujitetea.

Wapo watakaosema aliyebeba kazi ndiye mwenye haki ya kuamua. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Ni kweli jasho lake lilizidi letu. Lakini jasho linampa mtu shukrani, halimpi mamlaka juu ya sauti ya mwenzake. Ujuzi ndani ya kundi ni amana.

Tulibishana hadi jioni. Mwishowe tukapunguza herufi za hadithi zote, kutoka 12 hadi 11, na kurasa zikaenea 16. Kila mmoja alipoteza kidogo, hakuna aliyepotea. Wazee watavaa miwani, basi.

Wala tusidhani jambo hili limeletwa na kompyuta. Wachapaji wa misheni, kama wale wa Peramiho hapa jirani, walifanya kazi hii miaka mingi kabla yake, na ukurasa haukuwatanukia wao pia. PageMaker ilitoka mwaka 1985, ikaachwa kuendelezwa 2004. Scribus nayo itapita. Mipaka ya ukurasa itabaki.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu unayeota kuwa mwandishi, siku utakaposhika mausi na maneno ya mwenzako yakawa hayaenei, usiseme kompyuta imekataa. Sema, "Mimi nimekata." Kisha uone kama ulimi utakutii.