Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?

Mwaka 2018 ilitokea nchini Marekani filamu ya kutisha iitwayo Hereditary, iliyotungwa na kuongozwa na Ari Aster. Habari yake ni hii: bibi mmoja mzee amefariki, na binti yake Annie amebaki na mumewe na watoto wawili, Peter na Charlie. Kidogo kidogo yavumbuliwa ya kwamba marehemu alikuwa mkuu wa kundi la siri lenye kumwabudu pepo aitwaye Paimon, na ya kwamba zamani alikwisha kuwatoa jamaa zake kwa pepo huyo, wao wasijue. Mama ajitahidi kuiokoa nyumba yake, lakini kila ajaribulo lazidi kuwatia mtegoni. Mwishowe nyumba yote yaangamia, na mwili wa Peter wawa makao ya pepo.

Ndani ya filamu hiyo mwalimu awauliza wanafunzi wake juu ya Herakle, shujaa wa Wayunani wa kale: je, msiba wake ni mkubwa zaidi au mdogo zaidi, ikiwa hakuwa na hiari? Msichana mmoja ajibu ya kwamba ni mkubwa zaidi, kwa kuwa watu wa namna hiyo hawakuwa na tumaini tangu mwanzo. Jibu hilo ndilo fundisho la filamu nzima.

Kutishwa na hadithi si dhambi. Wazee nao walisimulia habari za mazimwi kando ya moto, na watoto wakalala salama. Lakini vijana wa Goma waonao filamu za namna hii katika simu zao wanabaki na swali zito: je, mtu aweza kufungwa na agano ambalo hakulifanya yeye? Mjini Goma swali hilo si la sinema tu. Hapa lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, ikaharibu hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ikashuka tena tarehe 22 Mei 2021. Hapa vita vimekwenda na kurudi. Mtu aliyepotewa na nyumba, kazi na jamaa hutafuta sababu ya msiba wake. Ndipo katika vyumba vingine vya maombi huambiwa ya kwamba babu yake alifunga agano na mashetani, na ya kwamba minyororo hiyo haikatiki bila sadaka nono kwa mhubiri. Wahenga walisema: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Na mhubiri huyo asema vivyo hivyo, ila ameongeza bei.

Eklezia yajibu nini? Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikuta watu wakijifariji kwa methali ya namna hiyo, akawakataza kuitumia: mwana hatachukua uovu wa baba yake, wala baba uovu wa mwanawe, kila mtu atahukumiwa kwa njia zake mwenyewe. Nao mitume, walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walimwuliza Yezu ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana akajibu ya kwamba si yeye wala wazazi wake. Mwaka 2024 maaskofu wa Hispania walitoa waraka juu ya sala za kuponya ukoo, wakaonya ya kwamba dhambi ya mtu hairithiwi na wajukuu.

Lakini msomaji wa Maandiko atauliza: mbona Kitabu cha Kutoka chasema ya kwamba Mungu huwapatiliza wana uovu wa baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne? Na je, dhambi ya asili haikutoka kwa Adamu? Maswali haya ni ya haki. Yapasa kutofautisha hatia na matokeo ya dhambi. Baba mlevi akiuza shamba, watoto watalala njaa. Hayo ni matokeo, nayo hushuka hata kwa wajukuu. Lakini hakimu akiwafunga watoto kwa ulevi wa baba, ametenda udhalimu. Na juu ya dhambi ya asili, Katekisimu ya Eklezia Katolika iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha ya kwamba katika wana wa Adamu hiyo si kosa walilolitenda wao; ni hali ya kukosa neema, na Ubatizo huifuta. Mielekeo mibaya yabaki ili mtu apigane nayo, lakini hakuna agano la babu lenye nguvu kuliko maji yale.

Fundisho la hatia ya kurithi limeua watu halisi. Mwaka 1994, ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, watoto wachanga waliuawa, si kwa tendo lolote, bali kwa ukoo waliozaliwa. Na katika Kivu yenyewe vijiji vimechomwa kwa kisasi, na wachomaji walisema ya kwamba wenyeji wake ni uzao wa adui. Asemaye ya kwamba damu hubeba laana, na asemaye ya kwamba damu hubeba uadui, wanafundisha jambo moja.

Fundisho hilo huingia hata nyumbani. Katika Kongo watoto wengi wamesingiziwa uchawi na jamaa zao wenyewe, mara nyingi kwa neno la mhubiri: yatima, mlemavu, mtoto akojoaye kitandani. Wamefungiwa, wamenyimwa chakula, wametupwa barabarani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto yaweka adhabu. Katika filamu, kundi la siri laitafuta nyumba kutoka nje. Hapa nyumba yenyewe yageuka kuwa kundi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi na yatazamwe makundi yaliyoangamiza jamaa kweli. Huko Kanungu, katika Uganda, upande wa mpaka wa Kongo, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea katika nyumba yao ya sala, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Kundi lao lilizaliwa miongoni mwa Wakatoliki, likajivunia njozi za Bikira Maria, na padre mmoja alikuwa kati ya wakuu wake. Katika msitu wa Shakahola, nchini Kenya, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hata kufa ili wamwone Yezu. Wengi walikuwa watoto.

Je, watu hao walikuwa wametolewa na bibi zao kabla ya kuzaliwa? Sivyo. Wazazi waliingia hatua kwa hatua. Waliuza mali. Waliacha kuzungumza na jamaa walio nje. Huko Kanungu mume na mke walitenganishwa, na watu wakafundishwa kunyamaza. Huko Shakahola watoto waliondolewa shuleni. Kila hatua ilihitaji ridhaa ya mtu mzima, na kila hatua ilifanya ile ya pili kuwa nyepesi. Walionyimwa hiari kweli walikuwa watoto, na waliowanyima ni wazazi waliokuwa nayo.

Hii si kusema ya kwamba Shetani hayupo. Eklezia yafundisha ya kwamba yupo, tena ni adui. Lakini ni kiumbe tu. Aweza kushawishi, hawezi kumtwaa mtu pasipo hiari yake akamfanya kuwa mwenye dhambi. Hata kupunga pepo kumewekewa kanuni: ni kazi ya padre mwenye ruhusa ya wazi ya askofu, aliye na ibada, elimu na busara. Haina bei.

Mzazi akiambiwa ya kwamba mtoto wake ni mchawi, au ya kwamba ukoo wake umefungwa, asimwache mtoto huyo na mhubiri hata usiku mmoja. Ampeleke kwa mganga wa hospitali ikiwa mgonjwa. Amwone padre wa parokia. Awaambie wenzake katika shirika la mtaa, kwa maana kundi la siri hupenda nyumba isiyosema na majirani. Na jioni, kabla ya kulala, amtie mtoto huyo ishara ya msalaba katika paji la uso, kama padre alivyofanya siku ya Ubatizo, apate kujua ya kwamba amekwisha kupewa mwenyewe, wala hakuna mwingine wa kumtoa.