Kazi ya Watu Watano

Msomaji, nakuuliza swali moja. Watu watano wakipewa kazi moja, na mmoja wao akaifanya yote peke yake, ni nani aliyekosa? Wengi hujibu upesi kuwa ni wale wanne waliokaa kimya. Mimi pia nilijibu hivyo, mpaka nilipokuwa yule mmoja.

Machi 2020 Serikali ya Kenya ilifunga shule na vyuo kwa sababu ya korona. Mimi ni mwalimu mwenye cheti, na wakati ule nilikuwa nikisomea shahada. Masomo yakahamia katika intaneti. Mhadhiri wetu, kwa nia njema ya kutufundisha ushirikiano, akatutia watano katika kundi moja, tuandike ripoti juu ya watoto waliofungiwa shule. Waraka wenyewe kila mmoja aliweza kuufungua katika simu yake na kuongeza maneno yake.

Mimi nilikaa Kakamega mjini, penye umeme na mtandao. Mwenzetu mmoja alikuwa upande wa Ikolomani, kwenye machimbo ya dhahabu. Alileta sentensi mbili tatu, kisha kimya cha siku nzima. Zilikuwa na makosa ya tahajia, nikazifuta. Usiku mmoja niliandika ripoti yote, nikatia majina matano, nikalala nikijiona mkarimu. Alama zilikuwa nzuri, na kila mtu alizipata sawasawa.

Mkulima hodari katika ujima aweza kumtangulia mwenziwe kwa tuta zima, wala hapana lawama. Lakini hang'oi miche ya mwenziwe kwa kuwa imekaa upande.

Waraka wa namna ile hutunza kila neno lililoandikwa na lililofutwa, pamoja na saa yake. Miezi kadhaa baadaye niliufungua nikazisoma sentensi zile, safari hii bila haraka. Mwenzetu alikuwa ameandika kwamba wanafunzi wake wawili wamekwenda machimboni, wameonja fedha, na hatarajii warudi darasani. Ripoti yangu, yenye tahajia safi, ilisema kuwa watoto walikuwa nyumbani wakifuata masomo ya redio.

Nilimpigia simu kumtaka radhi. Alicheka, akasema siku zote alidhani ni mhadhiri aliyezifuta.