Kiini cha Kazi

Msomaji, nataka kukuuliza swali lililonishinda siku moja mbele ya mwanafunzi wangu. Kijana huyo hutembea kwa magongo. Aliniambia kwamba angependa kuwa mwonjaji wa chai huko Mombasa, mji ambamo chai ya Afrika Mashariki hunadiwa. Nilimjibu upesi kuwa mwonjaji hupita mbele ya safu ndefu ya vikombe, akionja na kutema. Basi afadhali atafute kazi ya kuketi. Alishukuru akaenda zake. Nilidhani nimempa hekima, kumbe nimemnyima haki.

Swali lenyewe ni hili: katika kazi yoyote, kiini ni kipi na desturi ni ipi?

Mtazame Yannick Benjamin wa New York, Marekani. Yeye ni mjuzi wa mvinyo: huonja, huchagua, na humshauri mlaji mkahawani ni mvinyo gani unaopatana na chakula chake. Mwaka 2003 alipata ajali ya gari akapooza tangu kiunoni kwenda chini. Kwa desturi, mwenye kazi hiyo hupita kati ya meza akiwa wima, chupa mkononi. Benjamin, katika kiti chake cha magurudumu, alitumia kijimeza kilichokaa mapajani, akabebea juu yake chupa na bilauri. Mwaka 2021 yeye na wenzake walifungua mkahawa mtaani East Harlem, na sehemu ya kaunta ikashushwa ili aliyeketi katika kiti cha magurudumu aifikie. Ajali ilimnyang'anya miguu; haikumnyang'anya pua, wala ulimi, wala kumbukumbu.

Sikuiti kunywa mvinyo. Nakuita kupima jambo. Labda utasema kwamba tajiri hawezi kugeuza kila kitu kwa ajili ya mtu mmoja. Neno hilo lina uzito. Tena ziko kazi ambazo miguu ndiyo kiini chake: mkwezi wa minazi hakwei bila miguu. Lakini meza ya mwonjaji haikushuka kutoka mbinguni. Iliundwa na seremala, na seremala aweza kuikata miguu.

Wala siombi huruma. Asiyeweza kupambanua chai njema na mbovu asipewe kazi ya kuonja, hata akiwa na magongo. Kumpa kwa kumhurumia ni kumdharau kwa njia nyingine. Na apimwe kwa ulimi wake.

Nilimwita kijana yule tena nikamtaka radhi. Sikumwahidi kufaulu, maana hilo ulimi wake ndio utakaolijibu. Nawe msomaji, wahenga walisema kabla hujafa hujaumbika. Siku utakapokalia kiti cha kuajiri watu, kabla hujamtazama mtu miguu, jiulize kwanza kazi yako yataka nini.