Anania Aliogopa, Lakini Alikwenda

Wapendwa, lipo neno moja ambalo nawasihi tulitoe midomoni mwetu: kadogo. Ni Kiswahili chetu, hatukuletewa na mgeni. Mwaka 1996, vita vya waasi wa AFDL vilipoanza huku Kivu, watoto waliingia mstarini kwa maelfu, buti za mpira miguuni, na Mei 1997 walikuwa ndani ya Kinshasa. Tuliwapigia makofi. Tuliwaita kadogo kwa mapenzi. Leo mtoto akirudi kutoka msituni, jina lile lile tunamrushia kama jiwe.

Wako waliokamatwa njiani wakitoka shule. Wako waliokwenda kwa miguu yao, wakisukumwa na njaa au kisasi cha baba. Wengine walijiunga na wapiganaji wa Mai-Mai kulinda kijiji, wakanyunyiziwa maji waliyoambiwa yatazuia risasi. Wote walikuwa watoto. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika hukumu yake ya kwanza kabisa, Machi 2012, ilimtia hatiani kiongozi wa waasi, Thomas Lubanga, kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri, akafungwa miaka 14. Mahakama ilimhukumu mkubwa aliyewaita. Mbona sisi tunamhukumu mtoto aliyeitwa?

Mkumbukeni Anania wa Dameski. Aliambiwa aende kwa Sauli, mtu aliyekuja mjini kuwafunga waumini wenzake Anania. Anania aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kipumbavu: alizijua habari za mtu yule. Lakini alikwenda. Aliingia nyumbani, akamwekea mikono, na neno lake la kwanza likawa: ndugu. Sauli hakuwa bado amewatendea jema hata moja. Neno lile lilitangulia matendo!

Sasa tazameni kanisani kwetu. Yuko kijana aliyerudi kutoka msituni, anayekaa benchi la mwisho, karibu na mlango, bega likigusa ukuta. Jumapili moja sahani ya sadaka ilianguka sakafuni. Sote tuligeuka, yeye alikuwa amekwisha lala kifudifudi chini ya benchi, mikono kisogoni. Aliponyanyuka, mama mmoja alikuwa akiwavuta wanawe kwenda benchi la mbele. Niliona, nami nikaendelea kuhubiri. Naungama mbele yenu: siku ile nilipaswa kufunga Biblia, niteremke, nikakae naye.

Na binti zetu waliokuwa msituni? Wengi hawapiti hata vituo vya kuwapokea watoto. Wanatoroka usiku na kurudi kimya kimya, kwa maana kushika cheti cha kutoka jeshini ni kujitangaza. Nyumbani jirani anamkataza bintiye kuteka maji pamoja nao. Aliyerudi na mtoto mgongoni anaitwa mke wa msituni. Huyo wa mgongoni amekosa nini? Wengi wa binti hao wanatamani kurudi darasani tu, kukaa na wenzao, kuitwa mwanafunzi. Enyi walimu, enyi wenye akiba, karo hiyo ni sadaka!

Mashirika yanafanya sehemu yake: yanatafuta familia, yanafundisha ushoni na useremala, yanatoa vifaa. Lakini kijiji kimoja hakilishi maseremala kumi na watano, na randa itauzwa sokoni siku mtoto atakapolala njaa. Papa mwenye shamba, mkatie kipande. Mama mwenye kibanda cha unga, mfundishe kupima na kuhesabu, umwachie ufunguo jioni moja. Kuaminiwa na ufunguo kutamponya kuliko semina nyingi.

Simkemei mama ambaye mwanawe aliuawa na kundi alilotoka kijana yule. Machozi yake ni haki yake, na asilazimishwe kucheka. Hata majirani zetu Waacholi wa Uganda, waliomkanyagisha yai bichi aliyerudi kutoka msituni kabla hajaingia uani, hawakudhani kwamba yai moja linamaliza kesi. Walimfungulia njia ya kuingia. Maneno mazito yakafuata, wazee wakiwa wamekaa. Mama huyo tumsikilize kwanza, hata kama ni mwaka mzima. Lakini sisi wengine, ambao hatukufiwa na mtu kwa mkono wa kijana yule, tunangoja nini?

Jumapili ijayo atakuwa pale pale, karibu na mlango. Papa mmoja, mama mmoja, asogee kwenye benchi lile kabla ya wimbo wa kwanza, amuulize jina alilopewa na mama yake.