Je, Hifadhi Ni Deni?

Vita vilipofika Koboko mwezi Oktoba 1980, nyanya yangu alivuka mpaka kwa miguu akiwa na watoto wawili na sufuria moja. Serikali ya Idi Amin ilikuwa imeanguka Aprili mwaka uliotangulia, na jeshi jipya liliwahesabu watu wa West Nile wote kuwa wake, hata mwanamke ambaye hajawahi kushika bunduki. Huko Yei, upande wa Sudan, familia moja ya Wakakwa kama sisi iliwapa nyumba na kipande cha shamba la mihogo. Walikaa miaka sita.

Mwaka 2016 mambo yakageuka. Mapigano yaliyoanza upya Juba mwezi Julai yalifika Yei, na watu wakamiminika kwetu. Makazi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, yalifunguliwa Agosti. Mwaka ulipokwisha yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Miongoni mwa waliovuka alikuwemo msichana wa miaka 16, mjukuu wa familia ileile. Wazazi wake walipewa kiwanja Rhino Camp, na yeye nyanya akamchukua akae nasi Arua, asome. Tulilala kitanda kimoja miaka mitatu. Kisha yeye na mama yake wakapata nafasi ya kwenda Australia. Sasa anaishi Melbourne.

Mwaka jana alipiga simu kumshukuru nyanya. Nyanya akamjibu, "Usishukuru, mjukuu wangu. Nililipa tu deni la babu yako." Mimi niliona ni jibu zuri. Mwenzangu alinyamaza, na baadaye akaniandikia: "Kwa hiyo hakunipokea mimi. Alimpokea babu." Akaongeza kwamba huko aliko kila mtu anamtazamia ashukuru, na kwamba amechoka kushukuru kwa kuwa hai.

Mwanzoni nilikasirika. Kwetu asiyesema asante hana adabu. Lakini nilipotulia niliona ana hoja. Mkataba wa mwaka 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Hizo ni haki, na haki haidai shukrani. Hatumshukuru askari kwa kutotupiga. Hata hivyo, sheria haikumpikia mtu ugali. Aliyepika ni nyanya, ambaye hakulazimishwa na yeyote. Basi naona nchi haina haki ya kudai asante, ila mtu aliyefungua mlango wake anastahili.

Linalonisumbua zaidi ni neno deni. Deni likilipwa huisha. Tukiwapokea watu wa Yei kwa sababu walitupokea, tuseme nini juu ya Wakongo walioko Lobule, hapohapo Koboko, au mtu aliyetoka mbali ndani ya Sudan Kusini ambaye babu yake hakuwahi kumwona Mganda? Hapa West Nile tunapenda kusema, "Sisi pia tulikuwa wakimbizi." Ni maneno ya kweli, nami nayaonea fahari. Lakini waliolala Yei wanazeeka. Mimi nilizaliwa baada ya yote hayo, na kwa hesabu ya deni sidaiwi na mtu.

Nilimwuliza nyanya kama angempokea msichana yule bila kujua ni mjukuu wa nani. Alifikiri, huku akiendelea kuchambua maharage.

"Chakula ningempa," akasema. "Kitanda, sijui."

Kitanda chenyewe kilikuwa changu. Usiku ule wa kwanza niligeukia ukutani, nikanuna mpaka asubuhi, na mwenzangu alijua. Hakuna aliyekuwa ameniambia habari za Yei. Sikumbuki ni siku gani niliacha kununa, ila najua haikuwa kwa sababu ya babu yake.