JE, UNAJUA KUSHIKA BILA KUACHIA?



Kijana anayeanza mieleka hafundishwi kwanza kumwangusha mtu. Anafundishwa kusimama: miguu aipanue, magoti ayakunje, kiuno akishushe. Anayesimama wima kama mlingoti huangushwa mara moja! Kisha anafundishwa kushika. Mabega yote mawili yakigusa chini, basi, ameshindwa.

Soma Mwanzo 32. Yakobo alikuwa kwenye kivuko cha Yaboki. Familia ameshaivusha, mali ameshaivusha, amebaki peke yake usiku. Mbele anakuja Esau, ndugu aliyemdhulumu, na watu 400! Mtu akashindana naye mweleka hadi alfajiri. Nyonga ikateguka, nguvu zikaisha, lakini hakuachia. Akaulizwa jina lake. Zamani, mbele ya baba yake, alidanganya kuwa yeye ni Esau. Safari hii akasema kweli: Yakobo. Ndipo akabarikiwa.

Na wewe je? Umevusha mizigo mingi Nakonde, faida umepata. Lakini ile fedha ya ndugu yako uliyoila inakunyima usingizi. Kwa waganga umekwenda, pombe umekunywa, wapi!

Acha kusimama wima. Piga magoti leo. Taja jina lako la kweli. Mshike Yesu, usimwachie. Kisha nenda kamrudishie ndugu yako chake, hata kama utakwenda ukichechemea.

Sema sasa: Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimedhulumu. Nisamehe, uniokoe. Amina.