Fidia ya Mateka: Je, Mali ni Bora Kuliko Mtu?



Jumapili moja huko Ndandalo, wilayani Kyela, watu walipokwisha kutoka kanisani walikaa kivulini mwa mwembe, kama ilivyo desturi, wakizungumza habari za dunia. Redio ilikuwa imetangaza habari za mateka wa nchi za mbali. Ndipo mzee mmoja, mkulima wa mpunga na kakao, akamwuliza katekista: “Mwalimu, wangemteka mwanangu, mimi ningeuza shamba, ningeuza ng’ombe, ningeuza hata mabati ya nyumba. Mbona serikali zenye mali nyingi zaambiwa zisilipe? Je, mali ni bora kuliko mtu?”

Swali hili ni zito, wala halifai kujibiwa kwa haraka na mtu ambaye watoto wake wote wamelala salama nyumbani. Tulitafakari, basi, pamoja.

Kwanza kabisa twamwambia mzee wetu hivi: moyo wako ni moyo wa Kanisa. Tangu kale kukomboa mateka kumehesabiwa kati ya matendo ya huruma. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano katika karne ya nne, aliviyeyusha vyombo vitakatifu vya kanisa ili apate fedha za kuwakomboa waliotekwa, na hakuona haya mbele ya waliomlaumu. Mwaka 1218 Mtakatifu Petro Nolasko alianzisha huko Barcelona shirika la watawa kwa kazi hiyohiyo. Hao, pamoja na nadhiri tatu za kawaida, waliweka nadhiri ya nne: kwamba ikibidi, watajitoa wao wenyewe wawe mateka mahali pa mwenzao aliye hatarini kuipoteza imani.

Hata katika nchi yetu tumeona matunda ya fidia. Daktari Adriano Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akaibwa utotoni na wafanya biashara ya watumwa. Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha udaktari huko Malta, naye akafika Karema, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Aliwatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba fedha zile zilitupwa bure? La hasha!

Lakini historia yetu hiyohiyo yatufundisha neno la pili. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikomboa watoto wengi wa utumwani, wakawajengea makao. Twawashukuru mpaka leo. Hata hivyo, fedha iliyomtoa mtoto sokoni ilibaki mkononi mwa mwuzaji, naye aliweza kuituma bara ikamletee watoto wengine. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa kwa kuwanunua watumwa wote waliomo. Lilifungwa mwaka 1873, Sultani Bargash alipotia sahihi mkataba wa kulikomesha, huku Waingereza wakimlazimisha.

Watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa wana mfano ulio karibu zaidi nao. Ng’ambo ya mto Songwe, karibu na Karonga, mfanya biashara aitwaye Mlozi alijenga ngome yake, na mwaka 1887 watu wake wakawashambulia Wangonde, walio ndugu za Wanyakyusa, wakaua na kuteka. Udhalimu wake ulikoma mwaka 1895, ngome ilipovunjwa na Waingereza na yeye mwenyewe akanyongwa. Waingereza nao walikuwa na tamaa yao ya kutawala. Hatulifichi jambo hilo. Lakini kweli yabaki ileile: kwa kumlipa, mwindaji wa watu haachi kuwinda.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya baba na mtawala. Mwenye huruma hukomboa mtu mmoja mmoja. Mtawala amekabidhiwa kazi nyingine, yaani kulifunga soko. Baba hutoa kilicho chake kwa ajili ya mwana aliye wake. Mtawala akitoa, hutoa kilicho cha wote, na deni lake huja kudaiwa kwa mtoto wa mtu mwingine ambaye bado yu salama.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya kale. Haya, tutazame ya miaka ya karibu. Mwezi wa Mei mwaka 1975 watu wenye silaha wa chama cha Laurent Kabila walivuka Ziwa Tanganyika kwa mashua usiku, wakateka wanafunzi wanne huko Gombe, mkoani Kigoma: watatu Wamarekani na mmoja Mholanzi. Baadaye walimwachilia mmoja aje na madai yao, nao walitaka fedha, silaha, na wenzao waliokuwa wamefungwa Tanzania. Familia za vijana wale zilihangaika kutafuta fedha, na kufikia mwisho wa Julai wote walikuwa huru. Balozi wa Marekani mjini Dar es Salaam, Beverly Carter, alisaidia katika mazungumzo. Serikali yake, iliyokuwa na msimamo wa kutolipa fidia, ilimkasirikia ikamwondoa. Twasema bila kuficha: serikali inaweza kukataa kulipa bila kumwadhibu mtu aliyewasaidia wazazi kuwapata watoto wao.

Tena, fidia si fedha tu. Mwaka 2011 Israeli iliwaachilia wafungwa 1,027 ili impate askari wake mmoja aliyetekwa mwaka 2006. Mama yake alimkumbatia akiwa hai. Ni mzazi gani asingefurahi pamoja naye? Lakini miongoni mwa wafungwa wale alikuwamo Yahya Sinwar, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wapangaji wakuu wa shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023. Siku ile waliuawa watu wapatao 1,200, na wapatao 250 wakatekwa. Katika vita vilivyofuata, makumi ya maelfu ya watu wa Gaza wamekufa.

Nasi Watanzania tulifikiwa na msiba ule. Vijana wetu wawili, waliokwenda Israeli kujifunza kilimo, walipoteza maisha yao katika shambulio hilo. Kwa majuma mengi nyumbani kwao waliomba wakitumaini kwamba wangali hai, mateka tu. Mwili wa mmoja wao haukurudishwa mpaka Novemba 2025, miaka miwili na zaidi baadaye. Wazazi wao hawakuketi katika baraza lolote lililofanya mapatano ya mwaka 2011. Hawakuulizwa neno. Lakini deni lilipodaiwa, wao nao walilipa, na walilipa kwa watoto wao.

Ndugu msomaji, hili ndilo jibu letu kwa mzee wa Ndandalo. Serikali haikatazwi kulipa kwa sababu mali ni bora kuliko mtu. Inakatazwa kwa sababu yule mtu wa pili, ambaye bado hatumjui jina lake wala uso wake, ni mtu kamili kama huyu wa kwanza. Ndiyo maana Januari 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake namba 2133, liliyataka mataifa yote yawazuie magaidi wasinufaike na fidia. Na sisi maskini tunayo sababu moja zaidi. Mateka wakifanywa bidhaa, kila mmoja atapangiwa bei kwa kadiri ya utajiri wa nchi yake. Mtoto wa nchi tajiri atanunuliwa, mtoto wa mkulima wa mpunga ataachwa. Mbele ya Mungu hakuna bei mbili.

Lakini tusiishie hapo, maana wako watawala wanaolipenda neno “hatulipi” kwa kuwa lawapumzisha. Kukataa kulipa si ruhusa ya kulala. Serikali inayomnyima baba fidia imejitwika deni kubwa kuliko fidia yenyewe. Yaipasa kumtafuta mtoto kwa kila njia ya halali. Yaipasa kuzungumza hata na adui kwa kinywa cha wapatanishi, kwani kuzungumza si kulipa. Yaipasa kuwaambia wazazi kweli yote mapema, hata ikiwa kweli hiyo yauma. Yaipasa kuwatunza wazazi hao, maana wanabeba peke yao gharama ya usalama wetu sote. Tena isiseme hadharani “hatulipi” huku ikipeleka fedha gizani, kwani huo ni uongo, na amri ya nane yazihusu serikali kama inavyotuhusu sisi.

Je, baba akiuza shamba akalipa? Hatuwezi kumhukumu. Twajua kwamba fedha yake nayo yaweza kununua risasi. Hilo ni kweli chungu. Lakini dhambi ni ya yule aliyemwekea mwanawe kisu shingoni. Serikali na imzuie mtekaji kwa nguvu zake zote. Baba na imhurumie.

Mwisho, tumtazame Bwana wetu Yesu Kristu. Kanisa lamwita Mkombozi, naye mwenyewe alisema amekuja kutoa uhai wake uwe fidia ya wengi. Lakini tuangalie alilipa kwa nini. Hakulipa kwa mtoto wa mtu mwingine. Alilipa kwa nafsi yake mwenyewe, na kwa malipo hayo hakumtajirisha mwovu, alimshinda. Watawa wa Mtakatifu Petro Nolasko waliielewa siri hiyo walipoweka nadhiri yao ya nne. Kila fidia ya wanadamu na ipimwe kwa kipimo hicho: je, anayelipa ni mimi, au ni jirani yangu asiyejua?

Enyi wazazi, mnao watoto walio safarini, masomoni na kazini katika nchi za mbali. Waambieni wajiandikishe katika ubalozi wetu wa huko waliko, na wasikubali kazi katika mahali wasipopajua kwa sababu ya ahadi tamu. Na usiku wa leo, mnaposali Rozari nyumbani, toeni kumi moja kwa ajili ya mateka wote wa dunia, wa kila dini na taifa, na kwa ajili ya mama zao wasiopata usingizi. Msiwasahau watekaji pia, ili Mungu ailegeze mioyo yao kabla hawajafungua mikono yao.

Mungu awabariki.